Maji ya Kusuuzia

Langoni walinipokonya simu kabla hata sijamaliza kusalimia. Waliitia kwenye sanduku la mbao lenye vijumba vijumba, wakanipa kibati chenye namba, na koplo mmoja wa kunifuata kila niendako, mpaka mlango wa choo. Nikamwambia yule koplo, mwanangu, mimi nimekuja kutengeneza mabomba, sikuja kupindua serikali. Hakucheka. Baadaye alianza kucheka, na mwishowe akawa ananibebea mkoba bila kuambiwa.

Yalikuwa majengo ya ofisi za jeshi, upande wa Changamwe, na sitasema zaidi ya hapo kwa sababu niliahidi, na kwa sababu nataka kuitwa tena. Kampuni yetu ilipewa kazi ya kubadilisha matumbo yote ya majengo yale: mabomba ya maji, nyaya za umeme, na kubwa kuliko yote, mfumo wa kupoza hewa. Injinia wa mabomba na hewa nilikuwa mimi. Nimezaliwa Mishomoroni na mpaka leo naishi Mishomoroni na baba yangu, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa navuka kisiwa kizima, naingia daraja hili natokea lile, na nikifika kazini nimeshaloa jasho kabla ya kushika spana.

Mfumo wa zamani haukuwa mfumo. Kila afisa alikuwa na kiyoyozi chake, na baridi ilifuata cheo. Meja alikuwa na kikubwa cha ukutani, kapteni na kidogo cha dirishani kinachonguruma, sajini na feni, na koplo alipepewa na Mwenyezi Mungu. Na kila kiyoyozi kilidondosha maji nje, maana hewa yetu ya Mombasa imejaa maji, ukiipoza kidogo tu inayaachia. Nyuma ya jengo la maafisa palikuwa na mipira midogo inaning'inia ukuta mzima, na chini ya kila mpira pamewekwa mtungi wa plastiki. Niliiona ile mitungi siku ya kwanza, nikadhani ni ya wafagizi, ya kupigia deki.

Nyuma huko huko ndiko kulikokuwa na chumba cha dobi. Chumba chenyewe ni kama stoo, bati juu, dirisha moja, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na pasi mbili. Dobi alikuwa mama wa makamo anayekaribia uzee, mtu wa bara, mfupi, mnyamavu. Wanajeshi wa bara wakimwita Shosho, neno lao la nyanya. Mimi nilimwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu kwa Kiswahili chake kizito, akanivutia kigoda nikakaa. Tangu siku ile nikawa nanywa chai yangu ya saa nne kwake.

Mumewe alikuwa sajini pale pale, wa stoo. Akafariki kwa maradhi akiwa bado kazini, na mkubwa mmoja wa wakati huo akamwonea huruma mjane, akamwachia kile chumba afue na kupiga pasi nguo za maafisa. Ndicho kilichomlisha yeye na watoto wake. Hakuwa na barua ya chumba wala mkataba. Alikuwa pale kwa sababu nguo zake zilikuwa hazina mfano, basi.

Na hazikuwa na mfano kweli, wallahi. Baba yangu aliuza vitambaa maisha yake yote, na kwa habari ya kanzu ni mtu mgumu kuridhika. Hakuna dobi Kisauni nzima ambaye hajagombana naye. Siku moja, kwa kuchoshwa na malalamiko yake, nikachukua kanzu yake ya Ijumaa nikampelekea Shosho. Ilirudi imenyooka, nyeupe, laini, ukosi umesimama bila kukakamaa. Baba akaigeuzageuza kutafuta kosa, akakosa, akanitazama kwa hasira kama kwamba nimemwibia kitu. Kuanzia hapo kila Jumamosi ni kanzu kwenye mfuko, na kila Alhamisi ni swali lile lile, imekwisha?

Namna yake ya kufua niliiona nusu. Kufua alifulia maji ya kisima, ya chumvi, kama wengi wetu, kwa sababu ya mfereji huja yakitaka. Sabuni haitoi povu, mtu anatia kwa kukomoa. Lakini kusuuza mara ya mwisho, na kunyunyiza kabla ya pasi, alikuwa na ndoo yake yenye mfuniko pembeni, na hapo hufunga mlango. Nikiwa ndani ananiambia kwa adabu, mwanangu, kazi yako isikupite. Nikatoka nikicheka. Nikasema moyoni, ana dawa yake, kila fundi ana yake.

Miezi ikapita, tukafika mahali pa kuwasha mfumo mpya. Sasa palikuwa na mtambo mmoja mkubwa juu ya paa unaopoza maji, yale maji yanazunguka ghorofa zote, na kila ghorofa ina mashine yake ya kupuliza hewa. Baridi haikufuata cheo tena. Meja na koplo wake walipata baridi moja, na nakuhakikishia kuna watu hawakuipenda habari hiyo. Yale matone yote yaliyokuwa yakimwagika ukutani sasa yalikusanyika kwenye bomba moja jeupe linaloshuka nyuma ya jengo na kuingia karoni, kwenye shimo la maji machafu. Mchoro ulitoka Nairobi hivyo, na ulikuwa mchoro mzuri. Ukuta ukakauka, ukapakwa rangi, mipira na mitungi ikaondoka. Nilisimama pale nikajisifu peke yangu.

Baada ya hapo nguo za Shosho zikaanza kuharibika.

Kwanza nilisikia kwa koplo wangu. Akasema maafisa wananung'unika, mashati ya kijani yanarudi na mistari myeupe kwapani na ukosini, suruali zimekakamaa zinakwaruza. Kisha nikamsikia Meja mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa majengo, akisema wazi koridoni kwamba mama amezeeka, macho yamekwisha, na chumba kile anakitaka awekee vifaa vya kufagia. Siku ya kukabidhi jengo akikute kitupu. Shosho alikuwa amesimama hapo hapo na mashati mkononi. Akasema ndiyo afande.

Nilimfuata chumbani nikamuuliza kuna nini, unaumwa? Akasema ni uzee tu. Nikamwambia uzee gani wa kuingia kwa mara moja, mbona wiki iliyopita ulikuwa mzima? Akanikabidhi kikombe cha chai na kunigeuzia mgongo. Mimi mtu akininyamazia ndiyo ninazidi kusema, sina breki, lakini siku ile nilikunywa chai yangu nikaondoka.

Aliyenifumbua macho ni baba. Ile Ijumaa alivaa kanzu yake, akaivua papo hapo, akaniita. Nikaitika abee. Akaninyooshea ukosi. Ulikuwa mgumu kama karatasi, na pasi imeacha alama ya manjano kuuzunguka. Akalowesha kidole, akaupaka, akalamba, kama anayeonja mchuzi.

"Mwanangu, hii imesuuzwa kwa maji ya kisima," akasema. "Zile za mwanzo hazikuwa maji haya. Mwambie huyo mama arudie maji yake."

Arudie maji yake. Yapi? Nikakaa kitako sebuleni, na ile mitungi chini ya ile mipira ikanijia machoni mmoja mmoja. Maji ya kiyoyozi hayana chumvi hata chembe. Watu wa magari huyatia kwenye betri. Kumbe Shosho ndiyo aliyokuwa akisuuzia, na sisi tumeyakusanya tone kwa tone, kwa ustadi mkubwa, tukayapeleka karoni.

Jumatatu niliingia kwake bila kubisha hodi. Nikamwambia mama, nimejua, ni maji ya viyoyozi. Nilitarajia atacheka, au atashukuru. Maskini, alishtuka mpaka pasi ikataka kumponyoka. Akafunga mlango, akafunga na dirisha, akaniomba nisiseme kwa mtu.

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini. Yale maji ni ya serikali. Yametoka kwenye mashine ya serikali, ukuta wa serikali, ndani ya kambi ya serikali, na pale ndani hata msumari ukiuokota unaulizwa. Aliyeanza kuyachukua ni mumewe. Kila alfajiri, kabla kazi haijaanza, sajini alikuwa akizunguka nyuma ya jengo, anaibeba mitungi anamletea, na alimwambia asimwambie mtu yeyote. Alipokufa, akaendelea yeye. Sasa akisema nguo zimeharibika kwa kukosa maji yale, ataulizwa ulikuwa ukiyapata wapi, na nani alikuonyesha. Sajini alizikwa na bendera juu ya sanduku. Hakuwa na doa.

"Heri waseme mimi nimezeeka," akaniambia, "kuliko waseme yeye alikuwa mwizi."

Roho iliniuma, sikufichi. Niliwahi kuona watu wakipigania vyumba, vyeo, viwanja. Huyu alikuwa tayari kukipoteza chumba kinachomlisha kwa ajili ya jina la mtu aliyekwisha kufa, na kwa maji ambayo mimi kwa mikono yangu nayamwaga karoni.

Nilikwenda langoni nikaomba simu yangu, nikampigia mshauri wetu wa Nairobi, yule aliyechora. Sikumtaja Shosho. Nikamuuliza tu, yale maji matamu tukiyaelekeza kwenye tangi kabla ya karo, kuna ubaya? Akasema hakuna ubaya, ila andika, tupeleke kwenye kamati, kamati itakaa. Nikamuuliza itakaa lini. Akacheka kile kicheko cha watu wa kamati. Nikakata simu, nikamwita fundi wangu wa bomba, tukakata lile bomba jeupe kwa chini, tukatia kiungo na valvu, tukalitoa tawi mpaka ukutani mwa chumba cha dobi, tukaweka tangi dogo na mfereji. Yakizidi yanaendelea karoni kama kwenye mchoro. Kazi ya mchana mmoja. Meja akitaka kunifukuza anifukuze, nilisema, lakini tangi limekaa.

Yule mama hakuligusa. Lilijaa, likafurika, maji baridi matamu yanapita mbele ya mlango wake, na yeye ndani anasuuza kwa ya kisima. Nilimkasirikia, wallahi. Nikamwambia hii sasa ni jeuri. Akasema zamani yalikuwa yanadondoka chini, mtu anaokota; sasa yamo ndani ya bomba, kuyafungulia ni wizi zaidi, mpaka mwenyewe aniruhusu. Mwenyewe nani? Serikali. Nikamuuliza serikali niilete hapa niikalishe kwenye kigoda? Akatabasamu kidogo, akaendelea kukunja nguo. Alikuwa ameanza kupanga vitu vyake kwenye gunia.

Siku ya kukabidhi ikafika. Mkuu wa pale alikuwa kanali aliyehamishiwa majuzi tu, mtu mrefu, mpole wa maneno, ila kwa kazi hana mchezo. Sharti lake lilikuwa moja na tulilijua: kila bomba ndani ya majengo yake liandikwe kilichomo, na mshale wa linakokwenda. Bomba lisiloandikwa halipokei. Fundi wetu wa rangi alikuwa ameandika yote isipokuwa lile tawi. Aliniuliza aandike nini, nikamwambia liache.

Tulianza juu ya paa, tukashuka ghorofa baada ya ghorofa. Kanali mbele na kifimbo chake akigonga mabomba, Meja ubavuni, mimi nyuma yao, koplo wangu nyuma yangu. Nilivyokuwa nyuma nilimwona kanali ukosini. Mistari myeupe, kama ya wenzake wote. Tukafika chini, nyuma ya jengo, na kifimbo kikasimama juu ya tawi langu.

Akauliza hili mbona halina maneno, linakwenda wapi. Meja akanigeukia, nikajua yamenifika. Nimeshafumbua mdomo niseme lolote litakalokuja, sauti ikatoka mlangoni mwa dobi. Shosho alikuwa amesimama pale, kitambaa cha kanisani kichwani, gunia lake limefungwa miguuni.

"Afande, usimlaumu binti huyu," akasema. "Aliyekuwa akichukua maji ya serikali ni mimi."

Akaeleza yote, amesimama wima kama aliye kwenye gwaride. Mitungi, alfajiri, kusuuza. Alisema ni yeye, yeye peke yake, tangu mwanzo. Hata nyuma ya hofu yake ile alikuwa bado anamkinga mtu wake. Kanali akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, mama, wewe si mke wa sajini wa stoo? Akamtaja kwa jina lake. Shosho akainamisha kichwa. Nilimwona akifumba macho.

Kanali akavua kofia.

"Mimi nilikuwa kapteni hapa," akasema, "ofisi ile ya chini, ya pembeni. Mumeo alikuja kuniomba maji ya kiyoyozi changu, nikampa. Akaniomba tena, kama sitaona taabu, niwe nakiwasha mapema ili mtungi ujae kabla ya kazi kuanza. Nikawa nakiwasha kabla sijakaa kwenye kiti. Wenzangu wote wa safu ile aliwaomba hivyo hivyo. Hakuiba hata tone, mama."

Ndege iliyokuwa inatua uwanjani ikapita juu yetu, tukangoja ipite. Shosho alikuwa ameshika kizingiti cha mlango kwa mikono yote miwili.

Kanali akavaa kofia yake, akawa kanali tena. Akaniambia bomba lisiloandikwa halipokei. Nikamuuliza tuandike nini, afande. Akasema andikeni ukweli. Fundi wangu wa rangi akaja mbio na vibati vyake vya herufi, akaandika pale pale, mbele yetu, MAJI YA DOBI, na mshale. Meja akakohoa, akasema kwa heshima kwamba, kwa mujibu wa mipango, chumba hiki kilikuwa kiwe cha vifaa vya kufagia. Kanali akamwonyesha maandishi kwa kifimbo, rangi bado mbichi. Akamuuliza, bomba linasema linakwenda kwa dobi. Likifika lisimkute, si litakuwa linasema uongo? Meja akasema ndiyo afande. Wakaendelea na safari yao kwenda kuangalia umeme, na mimi kwa mara ya kwanza nikabaki nyuma bila kusindikizwa, maana hata koplo alikuwa amegeuka upande mwingine anajifuta uso.

Shosho alikuwa amekaa juu ya gunia lake. Nikaenda nikakaa naye.

"Hakuniambia," akasema. "Aliniambia nisimwambie mtu. Mimi nikajua ni wizi. Kila Jumapili tangu nimzike nimekuwa nikimwombea msamaha kwa yale maji."

Kwa nini sajini hakumwambia mkewe kwamba ameruhusiwa, sijui mpaka leo. Huenda hakutaka maafisa wengine wakisikia wayatake. Au alipenda aonekane amejitia hatarini kwa ajili yake, wanaume ndivyo walivyo. Shosho alilia, kisha akacheka kidogo katikati ya kulia, akasema, yule mtu! Nikamshika mkono mpaka akatulia.

Akainuka, akafungua gunia, akatoa karai. Juu ya rundo la nguo zilizokuwa zikingoja ilikuwa kanzu ya baba yangu. Akaenda kwenye tangi, akaushika mfereji, akanitazama kama anayeuliza mara ya mwisho. Nikamwambia fungua, mama. Maji yakatoka, akatia mkono, akauacha humo kwa muda. Alisuuza ile kanzu polepole, akaikamua, akaikung'uta, akaingia nayo ndani kwenye meza. Mlango aliuacha wazi.